Chumba cha Ngoma

Asubuhi niliyoondoka Jipe sikuwa na safari. Niliamka, nikakunja mkeka, nikaona nimemaliza. Nilikuwa nimekaa kando ya ziwa lile tangu mvua za vuli, nikisaidia kukata matete yanayoziba njia za mitumbwi na kuanika samaki, na kila nilichotaka kukijua nilikuwa nimeshakijua: matete yanahama vipi upepo ukigeuka, viboko wanapandia wapi, na nani kamnunia nani. Mimi maswali yakiisha mahali, miguu inaanza kuwasha. Shule niliiacha kidato cha pili, ingawa kule maswali yalikuwa bado yapo. Walioisha ni walimu wa kuyavumilia.

Mama mwenye nyumba aliniona na begi begani.

"Unakwenda wapi?"

"Sijajua, mama."

"Ukijua tupigie simu," akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Nilitembea mpaka nikapata lori la mchanga. Dereva alikuwa anakwenda Same, kwa hiyo na mimi nikawa nakwenda Same.

Upepo wa Same haupumziki. Unatoka tambarare, unagonga mlima, unarudi umebeba vumbi na mifuko, na watu wa pale wamezoea kuongea wakiwa wamefumba jicho moja. Nilikunywa chai karibu na stendi, kisha nikawa natembea kando ya barabara kuu kutafuta kivuli. Ndipo upepo huo ukaniletea sauti nisiyoijua. Ilikuwa kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo, lakini anapepeta kwa mpango: mara mbili taratibu, mara moja kwa haraka, halafu anaacha, halafu anaanza tena pale pale unapotaka aanze. Nilisimama. Hakuna mwanamke anayepepeta mchele namna ile. Nikaifuata.

Ilitoka kwenye ua wa hoteli moja ndogo. Chini ya turubai walikuwepo watu wanne wakijaribu vyombo: gitaa, besi, saksafoni, na nyuma yao mwanamume mwenye mvi ndevuni, amekaa katikati ya ngoma tano na sahani za shaba. Mikononi hakuwa na fimbo. Alishika vifagio viwili vya waya, na kwa vifagio hivyo alikuwa anaipangusa ngoma ndogo kama anayeitoa vumbi. Huyo ndiye aliyekuwa anapepeta.

Nilimwuliza msichana aliyekuwa anapanga viti ule ni muziki gani. Akasema, "Wanasema jazi." Nilishangaa. Babu yangu aliposema jazi alikuwa na maana ya bendi za magitaa alizozichezea ujanani akiwa na suruali ya bugaluu. Sasa hii haikuwa na magitaa yanayokimbizana, haikuwa na mwimbaji, na haikukuambia ucheze. Nikasema hapa siondoki.

Jioni walipiga kwa ajili ya watu wa semina waliokuwa wanakula kuku. Sidhani kama wale watu waliwasikia. Mimi nilikuwa nimejipatia kazi ya kuosha sahani, na dirisha la jikoni lilitazamana na ubavu wa mpiga ngoma, kwa hiyo nilipata kiti bora kuliko mtu yeyote aliyelipiwa chakula. Mwanzoni nilimtazama mpiga saksafoni, maana yeye ndiye aliyekuwa anasema maneno mengi. Baadaye macho yakahama yenyewe. Yule wa ngoma, mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye sahani kubwa ukirudia neno moja bila kuchoka. Mkono wa kushoto ulikuwa na mambo yake mengine kabisa. Mguu mmoja ulipiga ngoma kubwa kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye mtoto aliyelala, na mguu mwingine ulifungua na kufunga sahani mbili ndogo. Kila kiungo kilionekana kina mwajiri wake. Uso ulikuwa wa mtu anayesubiri basi.

Kilichonishika zaidi ni hiki. Kila mara saksafoni ilipokata ili mpigaji avute pumzi, yule mzee alitia kitu kwenye pengo: vipigo vitatu vyepesi, mlio wa sahani, mara nyingine kugusa tu ukingo wa ngoma. Hakuna pengo lililomponyoka. Na hakuwahi kuchelewa. Alianza kuziba kabla shimo halijaonekana, ukabaki unadhani wimbo uliandikwa hivyo. Nilivunja kikombe kimoja kwa ajili yake.

Walipomaliza nilikwenda kusaidia kubeba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa dirishani? Umenikodolea macho jioni nzima, nikadhani umetumwa na mke wangu."

Mpiga saksafoni akacheka. "Mke wake angetuma mtu mwenye afya kidogo."

Nikamwuliza lile lililokuwa linanisumbua: anajuaje kwamba mwenzake anataka kuvuta pumzi, hali yeye yuko nyuma yake na hamwoni uso?

Aliniangalia kama mtu aliyeombwa kitu ambacho hajaombwa siku nyingi. "Mabega," akasema. "Tazama mabega. Pumzi haijaingia bado, bega limeshapanda. Mimi nikiona bega, mkono unakwenda wenyewe. Miaka yote hii, sijui hata kuuzuia."

Ndivyo tulivyoanza kuongea. Alikuwa Mpare, wa milima ya juu ya Gonja, lakini aliondoka nyumbani akiwa mdogo na maisha yake yote alikuwa amepiga ngoma Arusha na Dar: kwenye mahoteli, kwenye bendi za dansi, nyuma ya kwaya, kwenye studio, popote alipoitwa. Wenzake watatu wangerudi Arusha Jumamosi. Yeye hakuwa anarudi nao.

"Jumapili mama yangu ana ibada ya shukrani," akasema. "Alilazwa muda mrefu, sasa amerudi nyumbani. Nimemwambia nitapiga. Mama hajawahi kunisikia. Baa hawezi kuja, mjini anaogopa, na nikimwekea kwenye simu anasema anasikia nyuki. Na sasa masikio yanamwacha. Daktari amesema yakiondoka hayarudi. Kwa hiyo ni Jumapili hii."

"Basi ni jambo jema."

"Jema kama mjomba atakubali." Mjomba wake, kaka wa mama, ndiye kiongozi wa tarumbeta za kanisa la huko kijijini. Miaka ya nyuma vijana fulani walikuja huko juu na ngoma kama hizi, wakapiga mpaka tarumbeta zikapotea na waumini wakashindwa kuufuata wimbo wao wenyewe. Tangu siku hiyo mjomba alisema ngoma zenye sahani hazivuki kizingiti.

Nililala kwenye baraza ya stoo ya hoteli, na Ijumaa nikamfuata kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Ukumbi ulikuwa upande wa pili wa mji. Niliingia kwa kubeba ngoma kubwa, na hakuna anayemwuliza mtu aliyebeba ngoma kubwa kama amealikwa. Nilitaka kuona kama mtu yule yule anayepepeta mchele anaweza kufanya kazi ya sherehe, yenye mshereheshaji anayepiga kelele na mashangazi waliokuja kucheza.

Alikuwa mtu mwingine. Hata kukaa alibadilisha. Hotelini alikaa kama fundi cherehani. Hapa alikaa kama dereva wa bodaboda mwenye abiria anayechelewa. Ilipoombwa sebene aliitoa mpaka vijana wakavua makoti. Ikaja kwaya, akawa mpole, akabaki na mguu na sahani tu. Taarabu aliibembeleza kwa viganja vitupu. Na mshereheshaji, ambaye alikuwa haachi kusema, kila aliponyanyua bega kuvuta pumzi alikuta kipigo kimeshamsubiri; maneno yake ya kawaida yakageuka kuwa vichekesho, ukumbi ukawa unamcheka, na yeye akadhani leo kaamka vizuri.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni bibi wa bibi harusi. Walitangaza kwamba analeta zawadi yake, na muziki ulikuwa wa kasi. Bibi akasimama kwa shida, akaanza kuja na kanga zake mkononi, hatua moja, anatulia, hatua nyingine. Wote tulianza kuona aibu kwa niaba yake, maana muziki ulikuwa unamwacha. Mpiga ngoma alimwona. Sijui alifanyaje, bendi nzima ikashuka taratibu mpaka ikafika kwenye miguu ya yule bibi, kila hatua yake ikawa na mdundo wake, na pale alipotulia sahani ililia kidogo kumsubiri. Katikati ya ukumbi bibi akagundua kwamba anacheza. Akanyanyua zawadi juu ya kichwa. Watu walipiga vigelegele, na wengine, mimi nikiwamo, tulitazama sakafu.

Wakati wa kufunga vyombo nikamwambia, "Naomba nipande na wewe kesho."

"Kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Na mjomba akinikatalia?"

"Nitasikia anavyokataa."

Akatikisa kichwa. "Kule hakuna gesti."

"Sijawahi kukosa mahali pa kulala."

Mpiga saksafoni alikuwa anafuta mate kwenye chombo chake. Akamwambia mwenzake, "Mjomba akikukataa mwambie sisi tunakukataa kila mwaka na bado upo."

Jumamosi asubuhi tulipanda kenta iliyokuwa imeshusha tangawizi mjini na sasa inarudi tupu. Ngoma tulizizungushia mablanketi na magodoro ya sponji, tukazilaza juu ya magunia yaliyobaki na harufu kali. Yeye alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na ngoma kubwa mapajani. Mlima ulikuwa kulia, na kushoto nyika ya Mkomazi imejaa miiba mpaka mwisho wa macho. Tulisimama Kisiwani kununua ndizi. Tulipoacha njia ya Ndungu tukaanza kupanda, hewa ikabadilika. Vumbi likabaki chini, pembeni zikaja migomba na vijito, na kila kona niligeuka kutazama tambarare ilivyozidi kuwa ndogo. Nilipenda kumwuliza ile miamba inaitwaje, nani anakaa kule juu kabisa, kwa nini nyumba zinaelekea upande mmoja. Lakini kupitia kioo cha nyuma niliona ameacha kuongea hata na dereva. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, vidole vimetulia. Mtu ambaye vidole vyake havijatulia tangu nimjue.

Karibu na kijiji kenta ilisimama. Njia ilikuwa imejaa watu wenye majembe na tope mpaka magotini. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba inatoa mtu, na walikuwa wamemaliza kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la kunyweshea mashamba. Mzee mmoja mrefu, mwenye buti za mpira na kofia ya sufu, alikuja mpaka dirishani.

"Msaragambo umeisha ndiyo unafika. Hujabadilika."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akazunguka nyuma ya gari, akanikuta mimi na mzigo. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuniangalia, aliangalia mablanketi. "Hizi ndizo zenyewe?"

"Ndizo," mpwa wake akajibu, ameshateremka.

"Zote za mtu mmoja?"

"Za mtu mmoja, mjomba."

"Sisi kila mtu anapuliza chombo kimoja na bado tunakosea." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na huyu anapiga nini?"

"Huyu anasikiliza."

"Kazi mpya hiyo," mama mmoja akasema. "Mwanangu angeipenda, maana nyingine zote zimemshinda."

Mzee akasubiri kicheko kiishe. "Jioni tuna mazoezi. Utakaa nasi, utapiga. Nikisikia wimbo wetu, sawa. Nisipousikia, ngoma zako zinalala kwa mama yako, na kesho wakati wa ibada zitakuwa huko huko. Wewe utakaa kwenye benchi na watoto wengine wa dada yangu."

"Sawa, mjomba."

"Usiseme sawa. Utasema sawa jioni."

Mama yake alikuwa anatusubiri mlangoni, mdogo wa umbo, kilemba cheupe, fimbo ya mti mwekundu mkononi. Alimshika mwanaye mashavu akamgeuza huku na huku kama anayekagua papai. Waliongea Kipare, na mwanaye alilazimika kuinama na kuyaweka maneno sikioni kabisa. Kisha mama akatuongoza mpaka chumba cha pembeni, kilichokuwa stoo ya mahindi, akafungua mlango kwa fahari.

Kilikuwa kimefagiliwa mpaka kona. Sakafuni alikuwa ametandika magunia safi, moja moja, mbalimbali, na juu ya kila gunia kipande cha kanga ya zamani. Nilihesabu nikaelewa. Alikuwa amemwuliza mwanaye kwenye simu ngoma ni ngapi, akaandalia kila moja mahali pake.

"Ya nini haya, mama?" mwanaye akamwuliza kwa sauti, sasa kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Ya kulalia ngoma. Namjua kaka yangu." Akatupa mkono, kama jambo lenyewe ni dogo. Lakini alipogeuka nilimwona anaupapasa ukuta kwanza, miguu bado ya mgonjwa, na mwanaye alimwona pia.

Kanisa lilikuwa la mawe, juu ya kilima, na kutoka mlangoni uliona mpaka Maore kule chini. Tulipanga ngoma pembeni ya madhabahu. Wapuliza tarumbeta waliingia mmoja mmoja, wengine bado wana tope la ndiva kwenye kucha, wakakaa nusu duara. Mjomba alikuwa na tarumbeta kubwa kuliko zote, ile ya besi inayomkumbatia mtu, imebonyea na kunyooshwa mara nyingi. Waimbaji wachache walikaa mbele. Mama akaketi benchi la kwanza kabisa, fimbo kati ya magoti. Mimi nilikaa nyuma yake.

Wakaanza. Sijui kama niliwahi kusikia kitu cha namna ile. Sauti ya shaba ilijaa mawe yale kama maji. Ulikuwa wimbo wa taratibu, mzito, na mpiga ngoma aliuingia kwa vifagio, chini kabisa, ungedhani ni mvua imeanza kwenye bati la jirani. Mstari wa kwanza ukapita. Nikafurahi. Nikaona anauweza. Mstari wa pili ukafika mwisho, mabega ya wapulizaji yakapanda yote kwa pamoja, na mkono wake ukaenda: vipigo vitatu vyepesi na sahani, pale pale, kwa usafi ule ule wa hotelini.

Tarumbeta zikasambaratika. Mmoja aliingia mapema, wengine wakamfuata, wengine wakabaki. Waimbaji wakatazamana. Mjomba akashusha chombo chake.

"Tena," akasema.

Wakarudia. Mstari wa pili ulipoisha yalitokea yale yale, isipokuwa safari hii kipigo kilikuwa kimoja tu, na bado kilitosha. Mbele yangu mama alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo, taratibu, akifuata wimbo. Kila ulipovunjika, fimbo ilibaki inagonga yenyewe kidogo, kisha ikasimama.

Mjomba aliweka tarumbeta sakafuni, akasimama. Nilidhani anakwenda kusema ngoma zibebwe. Akamwendea mpwa wake.

"Pale unapopiga, unajua ni nini?"

"Mnavuta pumzi."

"Sisi hatuhitaji pumzi ndefu namna ile. Vijana hawa wangeweza kupuliza mpaka kesho. Nakuuliza ni nini."

Mpiga ngoma akalaza vifagio juu ya ngoma ndogo.

"Chombo kile kilikuwa cha babu yako," mjomba akasema. "Alirudi kutoka kwenye viwanda vya mkonge na kifua kimeziba vumbi. Kila mstari wa pili ilibidi asimame avute, na alivuta kwa muda mrefu, mlio wake ukasikika mpaka mlangoni. Tulimsubiri. Kanisa zima lilimsubiri. Akafa, na Jumapili iliyofuata tulipofika pale, tukasubiri. Hakuna aliyesema tusubiri. Watoto waliozaliwa baadaye wanasubiri na hawajui kwa nini. Ukienda kanisa lingine lolote utaambiwa tunaukosea wimbo. Ni kweli, tunaukosea. Sasa wewe unakuja kuweka sahani pale."

Nilimtazama mpiga ngoma. Uso wa kusubiri basi ulikuwa haupo tena.

"Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo," akasema polepole. "Nilipokwenda mjini nikaukuta hauna lile pengo, nikadhani nilikumbuka vibaya."

"Ulikumbuka vizuri. Halafu ukaacha."

Nilifikiria alivyoniambia juu ya mkono wake, kwamba hajui kuuzuia, na nikaona ubaya wa jambo lenyewe: kile kile kilichonitoa barabarani na kunileta mpaka hapa ndicho kilichokuwa kinamkatalia. Mtu huyu analipwa kwa sababu haachi shimo. Na sasa mama yake ameketi mbele yake, masikio yake yanakwisha, na kinachotakiwa ni shimo.

"Naomba mara moja tena, mjomba."

Mzee alirudi kwenye kiti chake, akachukua muda kuiweka ile tarumbeta kifuani. Wakaanza.

Mvua ya vifagio ikaanza tena, na mguu kwenye ngoma kubwa, mdogo, thabiti. Niliuhisi kwenye mbao za benchi kabla ya kuusikia. Mbele yangu fimbo ya mama ilipata mdundo ule na kukaa juu yake. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Mabega yakapanda, na nikaona ya mpiga ngoma yanapanda pia. Mikono yote miwili ilinyanyuka hewani, ikakaa. Aliivuta pumzi mwenyewe, kwa mdomo wazi, kama mpuliza tarumbeta. Kanisa likanyamaza, ukimya mrefu, mrefu kuliko nilivyodhani watu wanaweza kunyamaza pamoja bila kuambiwa. Fimbo ya mama ilikuwa juu, haijagusa sakafu. Vifagio juu, fimbo juu. Kisha vyote vikashuka kwa pamoja, shaba ikarudi, na mama akageuza kichwa upande wa ngoma, upande wenyewe hasa, akatabasamu.

Walipiga wimbo mpaka mwisho, beti zote. Hakukosea hata pengo moja, nami sikuwahi kusikia mtu akipiga vizuri kiasi kile kwa kutopiga. Nilitaka kumwuliza ilimgharimu nini. Sikumwuliza. Ni moja ya maswali machache niliyoyaacha.

Mjomba alimwaga mate yaliyokuwa ndani ya tarumbeta, akaifuta, akaifunga kwenye kitambaa chake. Wote tulikuwa tunamsubiri, na yeye alijua.

"Leteni turubai," hatimaye akasema. "Zifunikwe. Humu ndani kuna popo, watazichafua mpaka asubuhi."

Mpiga ngoma akainamisha kichwa juu ya ngoma ndogo, akakaa hivyo kidogo. Mama akamwuliza kaka yake kitu kwa Kipare, na kaka yake akainama sikioni mwake akamjibu. Mama akampiga begani kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. Baadaye nilimwuliza mmoja wa wapulizaji mama alisema nini. Akanicheka. "Amemwambia, umenifagisha stoo bure."

Tuliteremka kilima jua likiwa linagusa upande wa pili wa mlima. Mlangoni mama alisimama, akanitazama kuanzia kwenye viatu, akakumbuka kwamba nipo.

"Na huyu analala wapi?"

"Nilimwambia huku hakuna gesti," mwanaye akasema.

"Wewe unapiga nini vile?" mama akaniuliza.

Nikainama mpaka sikioni kwake. "Sipigi kitu, mama. Nasikiliza."

"Eh." Akafikiri. "Basi huhitaji nafasi kubwa. Ngoma hazilali hapa. Ingia."

Alinipa taa ya sola na sufuria ya makande, akaniacha. Niliweka begi kwenye kona iliyofagiliwa. Magunia yalikuwa pale pale, mbalimbali, kila moja na kipande chake cha kanga, yakisubiri wageni waliopata mahali pengine. Niliyaokota moja moja, nikayaunganisha katikati ya chumba, nikatandika zile kanga juu yake, na nikapata kitanda cha kunitosha.